Fahamu: Ramani ya zamani inapogeuzwa kuwa picha ya simu

Kalembe iko pale teritware za Masisi na Walikale zinapopakana. Kwenye ramani, mpaka ni mstari mwembamba tu. Lakini kwa wakaaji, ule mstari unaonyesha kijiji kinahesabiwa upande gani na nani anapashwa kukihudumia. Ndio maana kutunza faili ya ramani siyo kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao.

Ramani nyingi za Kongo zilichorwa kwenye karatasi wakati wa ukoloni, na nyingine zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Ramani ya karatasi ikipitishwa kwenye skana, mara nyingi inawekwa katika muundo wa TIFF, uliotolewa na kampuni ya Aldus ya Marekani mwaka 1986. TIFF inaweza kutunza kila nukta ya picha. Baadaye ukaja GeoTIFF: ni TIFF ileile, ila ndani yake mna namba za mahali, yaani latitudo na longitudo.

Shida ni kwamba faili hizo ni nzito, na simu nyingi hazizifungui. Basi watu wanazigeuza kuwa JPEG, muundo wa mwaka 1992 uliotengenezwa kwa picha za kamera. JPEG inapunguza uzito kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni upesi. Kwa sura ya mtu, siyo neno. Kwa ramani, majina madogo na mistari inaanza kufifia. Tena programu nyingi za picha zinaziacha zile namba za mahali. Inabaki picha isiyojua iko wapi duniani. Mtu akiipanga upya kwa kukisia, kijiji kinaweza kuvuka mpaka bila mkaaji hata mmoja kuhama.

Mambo ya kushika:

- Usifute faili ya kwanza. Fanya kazi kwenye nakala.
- Kama ni kuonyesha tu, tumia PNG, muundo wa 1996 usiotupa kitu. GIF ya 1987 ina rangi 256 tu.
- Ramani yenye namba za mahali ibadilishwe kwa QGIS au GDAL, programu za bure zinazojua kuzitunza.
- JPEG ya ramani ikija pamoja na faili ndogo yenye mwisho wa .jgw, usizitenganishe. Mistari yake 6 ndiyo inayosema picha ikae wapi.
- Kwenye WhatsApp, tuma kama dokumenti, siyo kama picha.
- Picha za miundo iliyozeeka, kama PCX ya miaka ya 1980, zigeuzwe mapema. IrfanView na ImageMagick bado zinaifungua.

Ukimaliza, weka ramani mpya kando ya ile ya kwanza. Tafuta mahali unapopajua vizuri, kama mto au njia panda, ulinganishe. Kama pamesogea, rudia kazi kabla ya kumpa mtu mwingine.