Vitamini ya Walaji Mahindi Iliyoishia Kwenye Krimu

Niasinamaidi, jina linalosomeka siku hizi kwenye krimu na losheni nyingi za kufifisha madoa ya uso, haikuanzia kwenye urembo. Ni vitamini B3, na historia yake ni ya walaji mahindi. Kwa hiyo inawagusa watu wa Kilosa na Mikumi kuliko wengi wanavyodhani: huku ugali ndio chakula, na kituo cha utafiti cha Ilonga, jirani na mji wa Kilosa, kimetoa mbegu ya mahindi inayoitwa Ilonga Composite White.

Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, Hispania, aliwaona wakulima maskini ambao ngozi zao zilikuwa zimebabuka na kuwa nyeusi mikononi, miguuni na shingoni, kila mahali jua linapopiga. Ndiyo pelagra. Mgonjwa huharisha, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Wenyeji wa Mexico, walioyalima mahindi maelfu ya miaka, walisalimika kwa sababu waliyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yakavuka bahari, ujuzi ule haukuvuka.

Kusini mwa Marekani pelagra iliua maelfu. Dk. Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa na serikali kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo mwaka 1914, alipingwa na walioshikilia kuwa ugonjwa unaambukiza. Akajidunga damu ya wagonjwa, asiugue. Mwaka 1915 aliwapa wafungwa waliojitolea huko Mississippi chakula duni cha mahindi. Sita kati ya 11 wakaugua. Alifariki mwaka 1929 bila kuijua vitamini yenyewe. Conrad Elvehjem wa Wisconsin ndiye aliyeitambua mwaka 1937, alipowaponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana na huo.

Si hadithi ya mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya mgao wa karanga kukatika. Karanga tu, zilizokuwa zikiwapa vitamini hiyo! Anayepika makande ya mahindi na maharage pale Rudewa au Zombo anawakinga watoto wake, hata kama hajawahi kulisikia jina la vitamini hiyo.

Urembo ulikuja baadaye sana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kwamba niasinamaidi haizuii mwili kutengeneza rangi, bali hupunguza usafirishaji wake kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu ya ngozi. Krimu ya asilimia 5 ilififisha madoa taratibu, kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo ilipo tofauti yake na mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, kwa sababu haidrokwinoni inaweza kuacha weusi usiotoka na zebaki huharibu figo. Niasinamaidi haimbadilishi mtu kuwa mweupe, na anayeahidi hivyo anadanganya.

Ndugu msomaji, soma lebo kabla ya kulipa, ukatae kopo lisiloonyesha viambato. Na ngozi ikibabuka shingoni na mikononi, usiende duka la vipodozi. Nenda hospitali, ukamweleze daktari unakula nini.