Marvin iliwahi kuwa sheria

Ukivaa marvin usiku mtaani, watu wanakuona mwizi. Manze, Uingereza mwaka wa 1571 ungepigwa faini kwa kutovaa kofia kama hiyo! Bunge liliamuru kila aliyepita miaka 6 avae kofia ya sufu iliyofumwa nchini, kila Jumapili na sikukuu. Ukikosa, shilingi 3 na peni 4 kwa siku. Wenye vyeo hawakuguswa, kawaida tu. Lengo lilikuwa kuwaokoa wafumaji wa kofia, maana fasheni ilikuwa imewahama. Haikushika, sheria ikafutwa 1597. Kwangu, kofia iliyolisha familia hizo zote haiwezi kuwa sare ya majambazi. Yangu naifuma sasa: kipande bapa, nashona ubavu, navuta uzi juu mpaka inajifunga. Ikiisha, naivaa usiku.