"Daktari mwingine angefanya vingine"

Huku Ndabibi, mtu akiharibikiwa hospitalini, kesi huamuliwa matangani. Utasikia: "Mbona hawakumpasua mapema? Daktari mwingine angempasua." Kortini, hiyo sentensi peke yake haikushindii kesi. Sababu yake inaanzia London.

Mwaka wa 1954, John Bolam alikuwa akitibiwa sonona katika Friern Hospital. Akapitishiwa umeme kichwani bila dawa ya kulegeza misuli. Mwili ulitikisika mpaka nyonga zikavunjika pande zote mbili. Na hakuwa ameambiwa kwamba hatari hiyo ipo.

Kesi ikasikizwa 1957. Madaktari walitofautiana waziwazi: wengine walitumia hiyo dawa, wengine waliona dawa yenyewe ina hatari zake. Jaji McNair akaliambia jopo la raia waliokuwa wakiamua kesi kwamba daktari si mzembe akifuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi, hata kama kundi lingine linaipinga. Bolam akashindwa.

Sasa, Kenya ilirithi sheria ya Uingereza ya kabla ya 12 Agosti 1897, kwa hivyo hukumu ya 1957 haitufungi. Lakini majaji wetu wameitumia sana. Kusema kweli, ina maana: bila hiyo, kila daktari angeshtakiwa kwa kuchagua. Shida ni kwamba inawaacha madaktari wapimane wenyewe. Wewe mtoto wa mkulima utampata wapi daktari wa kuja kortini kumkosoa mwenzake?

Uingereza wenyewe waliirekebisha. Mwaka wa 1997 wakasema maoni ya wataalamu lazima yawe na mantiki. Halafu 2015, mama mmoja wa Scotland mwenye kisukari akashinda. Hakuwa ameelezwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kujifungua, wala hakupewa nafasi ya kuchagua upasuaji. Mtoto alizaliwa 1999. Yaani miaka kumi na sita!

Swali likageuka. Si daktari alichagua nini tu, ni wewe uliambiwa nini kabla ya kusaini ile fomu.

Na hapa kwetu hiyo iko tayari. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inataka uelezwe njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yako ya kukataa. Kwa lugha unayoelewa. Hata Sheng, kama daktari anaiweza.