Taa za barabarani: LED ao ampule ya zamani, ni ipi ya kutumainia?

Taa ya barabarani ikizimika kwenye njia panda, saa hiyo hiyo magari, wamotari na watu wa miguu wanaanza kunyanganyana njia. Wengi wanalaumu delestaji, wengine wanasema taa zilinunuliwa za bei ya chini. Lakini hata ndani ya taa yenyewe kuna mambo ya kujua, zaidi sana wakati muji unataka kununua mpya. Taa za LED zinasifiwa sana. Ni kweli zinashinda ampule za zamani, lakini nazo ziko na magonjwa yao.

Ampule inafanya kazi namna gani?

Ndani ya ampule muko waya moja nyembamba sana. Umeme ukipita, waya inapata moto na kutoa mwangaza mweupe. Zaidi ya 90% ya umeme huo inageuka joto tu. Kisha mwangaza mweupe unapita kwenye kioo chekundu, cha manjano ao cha kijani, na kioo hicho kinazuia rangi zingine zote. Ndiyo maana taa kubwa ya milimita 300 ilikuwa inaomba ampule ya wati 135 mpaka 150.

Tena, waya ile moja ikikatika, taa nzima inakufa palepale. Ampule za namna hiyo zilitengenezwa kudumu masaa kama 8.000, na mwaka mzima una masaa 8.760. Kwa hiyo kuzipandia ngazi na kuzibadilisha ni kazi isiyoisha.

LED inaleta nini?

LED inatoa rangi yenyewe, haiombi kioo cha kuchuja. LED nyekundu ilianza na Nick Holonyak huko Marekani mwaka wa 1962. Kijani chenye nguvu kilikawia mpaka miaka ya 1990, nyuma ya kazi ya Wajapani, kati yao Shuji Nakamura. Ndiyo sababu miji mingi ilianza kubadilisha taa nyekundu kwanza.

Taa ya LED inatumia wati 10 mpaka 20 hivi. Ndani yake mara nyingi kuna diodi nyingi zilizopangwa kwa mafungu: fungu moja likikufa, mengine yanaendelea kuwaka na dereva bado anaona rangi. Faida ingine: taa ya zamani iko na kioo cha kurudisha mwangaza nyuma ya ampule. Asubuhi ao jioni, jua likiingia humo, taa iliyozimika inaonekana kama inawaka. Kwa LED, udanganyifu huo unapungua sana.

Hesabu ya delestaji

Tuchukue njia panda yenye milingoti 8, kila moja ikiwasha rangi moja kwa wakati. Kwa ampule za wati 150, ni wati 1.200. Kwa LED za wati 15, ni wati 120. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 iko na nguvu ya wati-saa 1.200. Kwa hesabu tu, ampule zitaimaliza kwa saa moja. LED zitaenda masaa kumi. Kwa kweli itakuwa chini ya hapo, juu batri haipashwe kukaushwa yote. Lakini tofauti inabaki: kwa LED, batri na pano ya jua zinawezekana. Robo za barabarani zilizowekwa Kinshasa kuanzia 2013, kazi ya enjinia Thérèse Izay, nazo zilitengenezwa kutumia nguvu ya jua.

Magonjwa ya LED

Mara nyingi si diodi inayokufa kwanza, ni kile kisanduku kidogo cha kupanga umeme ndani ya taa. Joto kali, radi, na umeme unaopanda na kushuka vinakiharibu upesi. Diodi nazo zinafifia polepole. Ampule inakufa wazi, kila mtu anaona. LED inaweza kuwaka bado, kumbe mwangaza wake umekuwa mdogo sana kwa dereva aliye mbali wakati wa jua kali.

Shida ya tatu: mashine za zamani za kuongoza taa zilizoea mzigo wa ampule. Zikikuta LED inayotumia umeme kidogo, zingine zinafikiri taa imekufa. Kwenye inchi za baridi kuko hata shida ya theluji: LED haitoe joto la kutosha kuiyeyusha, na theluji inafunika rangi.

Kabla ya kununua, na taa ikizimika

Wakaaji wanaweza kuuliza wakubwa wa muji mambo manne: garanti ni ya miaka mingapi? Kuna kinga ya radi? Nani atapima mwangaza kila mwaka? Batri itabadilishwa na nani, kwa feza gani? Bila majibu, hata LED nzuri itakuwa mulingoti tu.

Na wewe unayeendesha: taa ikizimika, punguza mwendo, heshimu priorité ya kuume, na uache watu wa miguu wapite. Polisi wa barabarani akisimama pale, amri yake inapita taa, hata ile inayowaka.