Wakereza Fimbo wa Biliadi: Kutoka Rungu la Wafalme hadi Balabushka

Fimbo ya Balabushka inayojulikana kuliko zote duniani haikutengenezwa na Balabushka. Ni ile ya kwenye filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986, ambamo Paul Newman anaigiza mchezaji mkongwe wa pool, aina mojawapo ya biliadi, na Tom Cruise anaigiza kijana anayefundwa naye. Fimbo inayotajwa mle kwa heshima kubwa ilitoka karakana ya Joss, iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1968 na Dan Janes na Bill Stroud, ikapewa kazi hiyo kwa sababu sura yake ilifanana na za Balabushka. Newman alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ile. Na jina la Balabushka, seremala wa Brooklyn aliyekuwa amefariki miaka 11 kabla, likawafikia mamilioni ya watu ambao maishani mwao hawajawahi kupaka chaki kwenye ncha ya fimbo.

Mchezo wenyewe ulidumu karne kadhaa bila mtu kuwa na haja ya fundi wa namna hiyo. Biliadi ilianza Ulaya kama mchezo wa kwenye majani. Katika karne ya 15 ukaingizwa ndani ya nyumba na kuwekwa juu ya meza, na mfalme Louis XI wa Ufaransa ni miongoni mwa watu wa kwanza wanaotajwa kuwa na meza hiyo. Wachezaji hawakupiga mpira, waliusukuma kwa rungu lenye kichwa kipana. Mpira ulipoganda kwenye ukingo wa meza, kichwa cha rungu hakikuweza kuufikia, basi mchezaji aligeuza rungu na kutumia mkia wake mwembamba. Taratibu watu waligundua kwamba mkia ule unalenga vizuri kuliko kichwa. Fimbo ya leo ni mkia wa rungu uliobaki baada ya kichwa kutupwa.

Lakini fimbo ile ya mti mtupu ilikuwa na udhaifu. Ukipiga mpira mahali popote nje ya katikati, mti uliteleza. Aliyeondoa udhaifu huo ni Mfaransa, kapteni wa jeshi aitwaye François Mingaud, aliyefungwa Paris kwa sababu za kisiasa mwanzoni mwa karne ya 19. Gerezani kulikuwa na meza ya biliadi, naye akabandika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo yake. Inasimuliwa kwamba siku zake za kutoka zilipofika aliomba aongezewe muda akamilishe uchunguzi wake. Ngozi iliushika mpira, hivyo sasa ungeweza kupigwa chini ukarudi nyuma, ukapigwa juu ukasonga mbele baada ya kugonga mwenzake, ukapigwa ubavuni ukaenda ukizunguka. Baadaye Mwingereza John Carr, wa mji wa Bath, akauza chaki ya kuizuia ngozi isiteleze. Tangu hapo, fimbo ikawa na siri ambazo kiwanda peke yake hakikuweza kuzimaliza.

Marekani ndiyo iliyougeuza mchezo huu kuwa biashara. John Moses Brunswick, mhamiaji kutoka Uswisi, alianza kutengeneza meza Cincinnati mwaka 1845, na kampuni yake ikaja kuwa kubwa kuliko zote. Michael Phelan, mzaliwa wa Ireland, aliandika kitabu cha kufundisha biliadi mwaka 1850, kisha mwaka 1859 akakutana na John Seereiter mjini Detroit katika pambano lenye dau la dola 15,000. Kumbi zikafunguliwa kila mji, na kila ukumbi ulihitaji mipira. Mipira ilikuwa ya pembe za ndovu.

Hapa historia hii inaingia pwani yetu, na haifai kupitwa kwa haraka. Pembe iliyopendwa na watengenezaji ilikuwa ile laini, na pembe laini zilitoka Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapimwa na kupakiwa merikebuni. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakija Unguja tangu enzi za Sayyid Said, na mkataba wa biashara kati yake na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833. Pembe nyingi ziliishia katika miji midogo miwili ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikageuzwa vitana, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Mpira mzuri ulipaswa kukerezwa katikati kabisa ya pembe, ule mshipa mwembamba unaopita ndani ya pembe upite katikati ya mpira pia, la sivyo ungeelemea upande mmoja na kwenda kombo. Tembo alikufa porini, mpagazi alitembea miezi, ili mpira unyooke juu ya kitambaa cha kijani mjini New York.

Bei ilipanda mpaka kampuni ya Phelan, katika miaka ya 1860, ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt wa Albany akaja na seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo duniani. Hata hivyo, mipira ilipoiacha pembe, fimbo hazikuiacha. Mafundi waliendelea kukereza kutokana nayo kile kipete cheupe kinachokaa chini ya ngozi, kwa kuwa pembe inastahimili kishindo bila kupasuka na kumpa mchezaji hisia anayoipenda mkononi. Waliitumia pia kwenye kiungo, kwenye kitako na katika njumu. Marufuku ya kimataifa ya mwaka 1989, na kanuni kali za Marekani za mwaka 2016, ndizo zilizofunga mlango huo karibu kabisa. Mafundi wengine walilalamika. Mimi nasema marufuku ile ilichelewa. Hakuna mpigo wa biliadi unaostahili uhai wa tembo, na vipete vya kutengenezwa viwandani vinafanya kazi ile ile kila jioni mikononi mwa mabingwa.

Fundi wa kwanza ambaye wachezaji wakubwa walimfuata kwa jina lake alikuwa Herman Rambow wa Chicago. Alijifunzia kazi Brunswick, kisha akajitegemea. Willie Hoppe, aliyemshinda Maurice Vignaux mjini Paris mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 18, alichezea fimbo za Rambow. Willie Mosconi vilevile. Mosconi ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, na mwaka 1954, mjini Springfield, Ohio, akatumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Rekodi hiyo ilikaa miaka 65, mpaka John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019. Watu hawa walisafiri mji kwa mji kwa treni, hivyo walihitaji fimbo inayofunguka vipande viwili na kuingia kwenye kasha. Kuikata fimbo katikati ni rahisi. Kazi ni kuiunganisha tena kwa skrubu ili mkono wa mchezaji usisikie kwamba imekatwa, na hapo ndipo Rambow alipowapita wenzake.

George Balabushka alizaliwa Urusi mwaka 1912, akafika New York mwaka 1924. Alifanya kazi za mbao, samani na vitu vya watoto kuchezea, na pool ilikuwa burudani yake. Mwaka 1959 alianza kutengeneza fimbo chache za kuwazawadia marafiki. Marafiki wakazichezea, wengine wakaziona, wakataka za kununua. Hadi alipofariki mwaka 1975 alikuwa ametengeneza fimbo zinazokadiriwa kuwa 1,000 na ushei, idadi ambayo kiwanda kingeimaliza kwa muda mfupi sana.

Alianza na fimbo za kumbi zilizotengenezwa na Brunswick, aina ya Titlist. Zilikuwa kipande kimoja, zimewekewa mbao ya rangi iliyokolea upande wa mpini na mbao nyeupe ya mepo upande wa mbele, na pale zinapokutana mbao mbili hizo zimeingiliana kwa ncha nne ndefu zilizochongoka kama meno ya msumeno. Ncha hizo si urembo tu. Gundi inapata eneo kubwa la kushika, na mtikisiko unapita kutoka mbao moja kwenda nyingine bila kukwama. Balabushka alizikata fimbo hizo, akazikereza upya, akatia kiungo cha chuma kisichoshika kutu, akazungushia mpini uzi wa kitani cha Ireland, nyuzi zikilala bega kwa bega bila kupandana. Baadaye alinunua vipande vya mpini kutoka kwa Burton Spain wa Chicago na Gus Szamboti wa Pennsylvania, ambaye mwenyewe alikuwa fundi ambaye fimbo zake leo zinatafutwa karibu sawa na za Balabushka.

Kazi ngumu zaidi haionekani hata ukiishika fimbo mkononi. Iko kwenye ufito wa mbele, ile nusu isiyo na pambo lolote. Fundi huchagua mepo yenye nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hadi mwisho, akaikereza iwe mviringo mnene, kisha akaitundika na kuiacha. Mbao iliyokatwa hutaka kujikunja kadiri unyevu unavyohama ndani yake. Baada ya majuma au miezi huirudisha kwenye kerezo, akaipunguza kidogo tu, akaitundika tena. Hurudia hivyo mara nyingi, mpaka ncha ifikie unene wa milimita 13 hivi. Njiani, fito zinazopinda hutupwa, hata kama zimeshakula nusu mwaka wa kazi. Msomaji anaweza kuupima uvumilivu huo mwenyewe: laza fimbo yoyote juu ya meza, izungushe polepole kwa kiganja, uangalie kwa chini. Iliyopinda itaruka na kuonyesha mwanga, iliyonyooka itabingirika kimya.

Kazi hii ilistawi pia magharibi mwa Marekani. David Kersenbrock alibuni kiungo cha skrubu nene, mbao ikikutana na mbao bila chuma kati yake, na Jerry Franklin akaichukua elimu hiyo na kuanzisha Southwest mjini Las Vegas. Franklin alifariki mwaka 1996, mkewe Laurie akaishika karakana. Foleni ya wateja wake ikawa ya miaka, na watu waliendelea kusubiri. California kulikuwa na Tad Kohara, na Ernie Gutierrez aliyezitia fimbo zake njumu za kupendeza mno, kiasi kwamba baadhi ya wanunuzi huzifungia kabatini na hazigusi mpira tena. Hilo linanisikitisha. Fundi aliyepima uzito wa mpini kwa ajili ya mkono wa mchezaji hakuifanya kazi hiyo kwa ajili ya kabati la kioo.

Mwaka 1994 ulileta swali jipya. Mpira unapopigwa ubavuni, hauendi pale fimbo inapoelekea. Huchepuka kidogo upande wa pili, na mchezaji hulazimika kulifidia hilo kwa mazoea. Kampuni ya Predator, iliyotumia roboti ya kupiga mipira ili kupima, ilionyesha kwamba kinachotawala mchepuko huo ni uzito wa sehemu ya mbele kabisa ya ufito. Ikatoboa ncha kwa ndani na kuunganisha vipande vyembamba vya mepo kuwa ufito mmoja. Mwaka 2016 ikatoa ufito wa nyuzi za kaboni, usiopinda kwa unyevu. Wachezaji wengi wa kulipwa leo wanapigia ufito wa namna hiyo, na kwa vijana wengi mepo iliyotundikwa miezi ni habari ya wazee.

Kuna ukweli mwingine ambao wauza fimbo hawaupendi. Earl Strickland, mmoja wa wachezaji wakali kuliko wote wa mchezo wa mipira tisa, alitamba miaka ya 1990 akiwa na fimbo za Cuetec, za kiwandani, zilizofunikwa kwa nyuzi za kioo. Mwaka 1996 mjini Hong Kong alipambana siku tatu na Efren Reyes wa Ufilipino, wakikimbizana kufikia michezo 120, na Reyes akashinda kwa 120 dhidi ya 117. Katika snuka, Stephen Hendry wa Scotland alitwaa mataji yake saba ya dunia, kati ya 1990 na 1999, kwa fimbo ya bei ya chini aliyoipata akiwa kijana mdogo. Mwaka 2003 ilivunjika katika safari ya ndege. Hendry alikuwa na uwezo wa kununua fimbo yoyote duniani, lakini hakutwaa taji la dunia tena.

Kwa hiyo fundi hampi mchezaji ushindi. Anachompa ni kitu kisichobadilika: uzito ule ule, mlio ule ule, unyoofu ule ule, leo na baada ya miaka 20, ili mkono ujifunze mara moja na usilazimike kujifunza upya. Balabushka hakuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 2004, miaka 29 baada ya kifo chake, Billiard Congress of America ilimwingiza kwenye orodha yake ya heshima, walimokuwa tayari Hoppe na Mosconi.