Imani Haina Wakili: Kwa Nini Nasema "Ujibizi"

Kuna kijitabu cha semina kinachozunguka katika parokia na makanisa ya Likasi, na juu yake kimeandikwa kwa herufi nene "Utetezi wa Imani". Ukikifungua, neno linabadilika kila baada ya kurasa chache. Mara ni "apolojetiki", mara "utetezi", na mahali pamoja, Mungu atusaidie, ni "kuomba radhi kwa ajili ya Kristo". Hilo la mwisho nalisamehe, maana ni kazi ya mashine, au ya mtu aliyeiachia mashine imfikirie. "Apolojetiki" nalo si tafsiri. Ni Kifaransa kilichovishwa irabu mwishoni. Neno linaloninyima usingizi ni "utetezi", kwa sababu limeshapigwa muhuri na kamati yetu ya istilahi, na neno likishapigwa muhuri hakuna tena anayelipima.

Sina haja ya kueleza kwa kirefu fani yenyewe, ya kuwajibu wanaoihoji imani. Yeyote aliyewahi kubanwa na kijana nje ya kanisa, kule Panda au Kikula, akaulizwa "Kama Mungu iko, juu ya nini batoto banakufaka?", anaijua fani hii hata kama hajui inaitwaje.

Utetezi umetoka kwenye kutetea, na kutetea kumetoka kwenye kuteta. Kuteta ni kugombana kwa maneno. Tena ni kumsengenya mtu asiyekuwepo, na humo ndimo zilimotoka tetesi. Kuku naye hutetea anapokaribia kutaga, na hapo sisemi zaidi. Najua nitaambiwa kwamba mzizi si hukumu, na kwamba leo mtetezi ni mtu wa heshima. Nakubali. Lakini heshima yake inatokana na nini? Inatokana na kumsimamia mnyonge asiyeweza kujisemea: mjane, yatima, mfungwa. Sasa anayesimamiwa katika "utetezi wa imani" ni nani? Katika Waamuzi sura ya 6, Gideoni alipoibomoa madhabahu ya Baali, watu wa mji walitaka kumuua. Yoashi baba yake akawauliza kama wao ndio mawakili wa Baali. Akiwa mungu kweli, basi ashughulikie kesi yake mwenyewe. Mzee yule aliyekuwa na madhabahu ya sanamu nyumbani kwake aliona jambo ambalo kamati yetu, pamoja na shahada zake zote, haikuliona.

Twende kwa Wagiriki, ambako neno apolojetiki lina asili yake. Katika mahakama za Athene mshtaki alitoa hotuba iliyoitwa kategoria, na mshtakiwa akatoa yake, apologia. Hiyo ndiyo aliyoitoa Sokrate mwaka 399 kabla ya Kristo. Hakusemewa na mtu. Sheria ilimtaka mshtakiwa asimame mwenyewe, naye akasimama, akajibu, na radhi hakuomba. Kiswahili kina kauli ya tendo hilo, na kila msomaji wa gazeti anaijua: mshtakiwa hufikishwa mahakamani kujibu mashtaka.

Neno hilohilo, apologia, ndilo lililomo katika Waraka wa Kwanza wa Petro 3:15, aya ambayo wanaapolojetiki wote huitundika mlangoni. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka 1952, walitumia hapo kitenzi kujibu. Si kwamba kutetea hawakukujua: katika Matendo 22 Paulo anajitetea mbele ya umati wa Yerusalemu. Mpinzani wangu mmoja, ambaye simtaji, hunirushia Wafilipi sura ya 1, mahali Injili inapotetewa. Vizuri. Paulo alikuwa kifungoni akingoja kesi, na lugha ya kesi ilimfaa. Petro anazungumza na watu wa kawaida, waliosimama sokoni, wanaoulizwa na jirani.

Tena jibu lenyewe ni neno la heshima kubwa. Limetujia kutoka Kiarabu, jawabu, na mzizi wake una maana ya kukata na kupenya. Kwa mzizi huohuo Kurani inasimulia watu wa Thamudi walioyakata majabali bondeni. Raghib al-Isfahani, aliyeyachambua maneno ya Kurani, anaeleza kwamba jawabu ni kile kinachoikata nafasi iliyopo kati ya kinywa cha msemaji na sikio la msikilizaji. Mtu akiniuliza Mkristo anatafuta nini katika kamusi ya Kurani, namjibu kwamba sala, imani na hata Injili zilipita njia hiyohiyo, na hakuna aliyezidai pasipoti. Na katika mji wetu wa Likasi, zamani ukiitwa Jadotville, ulioota juu ya shaba, neno la kukata mwamba lina wenyewe.

Sasa sarufi. Kutoka saidia tuna msaidizi na usaidizi; kutoka tumia, matumizi; kutoka kimbia, mkimbizi na ukimbizi. Saidia nayo ni mgeni kutoka Kiarabu, na hakuna aliyelalamika. Basi kutoka jibia, yaani kujibu kwa ajili ya jambo fulani, tunapata mjibizi na ujibizi. Pendekezo hili nililipeleka kwa wanaohusika, na jibu walilonipa, kama tunaweza kuliita jibu, ni kwamba "halijazoeleka". Neno jipya halijazoeleka! Mwingine akasema linanuka majibizano. Majibizano yana -ana, watu wawili wanarushiana. Ujibizi hauna, ni wa upande mmoja, aliyeulizwa.

Tofauti ya utetezi na ujibizi si ya karatasi tu. Pingamizi kubwa hapa kwetu halihusu kaburi tupu, ingawa nalo lina wajibizi wake, wanaokumbusha kwamba Paulo aliwaandikia Wakorintho orodha ya mashahidi wakati wengi wao walikuwa bado hai. Pingamizi letu ni hili: dini hii ni ya kampuni. Na anayelitoa ana ushahidi. Shule za kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini, Union Minière, zilikuwa mikononi mwa Wabenediktini wa Askofu de Hemptinne. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma hapa Jadotville na Élisabethville (Lubumbashi ya leo), wakapigwa risasi, na mmisionari na meneja walikuwa wa meza moja. Mtetezi akisikia hayo hutafuta udhuru: nyakati zilikuwa ngumu, vita vilikuwa vinaendelea. Anamtetea mteja. Mjibizi hana mteja, kwa hiyo anaweza kusema kweli: ndiyo, yalitokea. Kisha anajibu kilichoulizwa: dini hii ilikuwa Afrika kabla ya kampuni. Tertuliano aliandika Apologeticus huko Karthage, Afrika, karibu mwaka 197. Mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alibatizwa 1491. Na Simon Kimbangu, aliyehukumiwa 1921 kwa kuhubiri Kristo huyohuyo, serikali ya kikoloni ilimleta Katanga kumfunga, akafia Élisabethville 1951, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Kampuni haimfungi miaka thelathini mtu anayeuza mali yake.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika lile swali la watoto wanaokufa. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe uko jirani yetu. Madini yake yaliingia katika bomu la Hiroshima, Agosti 1945, na mwaka 2004 shimo lake liliwaporomokea wachimbaji wa mikono. Anayemtetea Mungu juu ya mashimo hayo huishia kama rafiki zake Ayubu, ambao mwisho wa kitabu ndio waliokemewa. Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, ni mjibizi: huanza kila kifungu kwa kuzipanga hoja za wapinzani, na baada ya hapo tu huandika respondeo, najibu. Na miongoni mwa hoja alizoziweka mbele anapouliza kama Mungu yuko, ya kwanza ni hiyohiyo ya uovu.

Matumizi, kwa kifupi: ujibizi ni fani, mjibizi na wajibizi ni watu, kujibia ni tendo (Origene aliyajibia madai ya Kelso), na kivumishi ni -a kijibizi. "Utetezi" ubaki kwa mawakili wa mahakama ya Likasi, ambao wateja wao wanauhitaji.