Tarehe ya Saa Sita Mchana Mkoani Singida

Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini juu ya mji wa Singida: mnamo tarehe 8 Machi likielekea kaskazini, na mnamo tarehe 5 Oktoba likirejea kusini. Siku hizo nguzo iliyosimama wima hukosa kivuli kwa kitambo kidogo, na hapo hakuna awezaye kubisha kwamba mchana umefika katikati. Saa ya ukutani, hata hivyo, hubisha. Machi husema ni saa 6 na dakika 52. Oktoba husema ni saa 6 na dakika 30 hivi. Basi kuna mambo mawili ya kuelezwa: kwa nini jua linachelewa safari zote mbili, na kwa nini uchelewaji wenyewe unapishana kwa zaidi ya dakika 20. Hoja yangu ni kwamba mambo haya yana tarehe, yaani historia, mbili tofauti. Moja waliiandika watu, nyingine imo katika mwendo wa dunia, na asiyezitenganisha atalilaumu jua kwa uamuzi wa serikali, au atailaumu serikali kwa jambo lisilo mikononi mwake.

Tuanze na ya watu. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo na Tabora ilikatiza Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo sehemu yake kubwa leo imo wilayani Manyoni na pande za Itigi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita huko mwaka 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Walibeba saa za usahihi ili wajue longitudo, nazo ziliharibika moja baada ya nyingine. Wapagazi hawakuzihitaji. Jua huvuka digrii moja ya longitudo kwa dakika nne, na digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Msafara unaokwenda kilomita 20 kwa siku kuelekea magharibi hukuta adhuhuri imesogea kwa sekunde zipatazo 43 tu. Kila kambi ilikuwa na saa sita yake, na hakuna aliyepata hasara.

Reli ndiyo iliyoifanya hasara hiyo iwezekane. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, ikapita Manyoni na Itigi hadi Tabora 1912, na ikamalizikia Kigoma 1914. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma jua hupishana kwa karibu dakika 39. Kwenye njia moja ya chuma inayopitisha treni za kwenda na za kurudi, haiwezekani kila stesheni ifuate adhuhuri yake. Ratiba hutaka saa moja kwa wote. Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulikuwa umekwisha kuchagua Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabia longitudo, na nchi nyingi zikaendelea kupanga saa kwa kuitazama Greenwich. Hata hivyo hapakuwa na jibu moja la lazima: jirani zetu Kenya, kati ya 1928 na 1942, walihama kutoka saa mbili na nusu mbele ya Greenwich hadi saa tatu, wakarudi nyuma, wakajaribu saa mbili na dakika 45, kisha wakatulia kwenye tatu. Saa tatu hizo, ambazo ndizo za Afrika Mashariki leo, ni za longitudo ya digrii 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Tanzania nzima iko magharibi ya mstari huo. Mji wa Singida uko kwenye digrii 34 na robo tatu. Pengo ni digrii 10 na robo, yaani dakika 41. Hizo ndizo dakika za uamuzi wa watu, na hazibadiliki mwaka mzima.

Zikiondolewa hizo 41, Machi hubaki dakika 11 za kuchelewa, na Oktoba jua huwa limetangulia kwa dakika 11 na nusu. Hapa ndipo tarehe ya pili inapoanza. Dunia hulizunguka jua katika njia ya duaradufu: mwanzoni mwa Januari iko karibu nalo na huenda kasi, mwanzoni mwa Julai iko mbali na hupunguza mwendo. Isitoshe, mhimili wake umeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo hata kama mwendo ungekuwa sawa, jua lisingesogea mashariki kwa kipimo kilekile kila siku. Sababu hizi mbili zikijumlishwa, kivuli huwa nyuma ya saa ya wastani kwa dakika 14 karibu na tarehe 11 Februari, na mbele yake kwa dakika 16 na zaidi karibu na tarehe 3 Novemba. Hukubaliana mara nne tu, katikati ya Aprili, katikati ya Juni, mwanzoni mwa Septemba na siku ya Krismasi. Mwanafalaki Ptolemy aliijua tofauti hii katika karne ya pili, na wanafalaki wa Kiislamu waliitengenezea majedwali. Lakini kivuli kilibaki hakimu, kama kile cha saa ya jua aliyoijenga Ibn al-Shatir msikitini Damascus mwaka 1371, hadi Christiaan Huygens alipobuni saa ya timazi mwaka 1656. Tangu hapo mashine ikawa sawia kuliko jua lenyewe.

Mtu atasema haya ni majira tu, siku kurefuka na kufupika. Ulaya pingamizi hilo lingekuwa na nguvu, kwa kuwa huko majira hufunika kila kitu. Singida hayafuniki. Siku ndefu na siku fupi za mwaka hupishana kwa dakika kama 34, maana yake macheo na machweo kila upande husogezwa na majira kwa dakika 17 tu, ilhali adhuhuri yenyewe hutangatanga kwa dakika 31. Ushahidi uko wazi: siku ndefu kuliko zote ni ya tarehe 21 au 22 Desemba, lakini jua huchelewa zaidi kutua mwanzoni mwa Februari, kama saa 1 na dakika 3 usiku, dakika 12 baada ya machweo ya Desemba. Vilevile macheo ya mapema kuliko yote huja mwanzoni mwa Novemba. Majira peke yake hayawezi kueleza hilo.

Mwingine atasema saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa asubuhi, zinalifuata jua na hivyo zimeepuka mgogoro huu. Zamani huenda, leo hapana. Saa 12 asubuhi ni saa ileile ya redio iliyosogezwa kwa sita, na katikati ya Julai jua la Singida huchomoza saa 12 na dakika 52. Wanaolifuata jua kwa kweli ni wanaotayarisha kalenda za sala. Adhuhuri katika kalenda hizo husogea mwezi hadi mwezi kwa sababu ni jua lenyewe linalopimwa, na kati ya Dar es Salaam na Singida kuna dakika zipatazo 18, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Mfungaji wa Singida akifuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam, atakuwa amekula jua halijatua.

Je, basi saa ibadilishwe? Yawezekana, lakini nchi inayoanzia digrii 29 hadi 40 haiwezi kupata saa moja itakayoridhisha Mtwara na Kigoma pamoja, na kuigawa kungerudisha tatizo lilelile ambalo reli ililitatua. Mimi naona gharama ya dakika 41 ni ndogo kuliko faida ya ratiba moja. Ila tujue tunachokilipia: katika dakika 55 ambazo jua la Singida huchelewa mwezi Februari, 41 zinaweza kufutwa kwa sheria ya Bunge, na 14 zilizobaki hakuna Bunge linaloweza kuzijadili.